Uhakiki wa Istilahi za Breki: Maneno ya Fundi Anayeimarisha Gari la Kale

1. Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuyahakiki maneno ya Kiswahili yanayotumika katika kazi moja ya ufundi, nayo ni kazi ya kuziimarisha breki za gari la kale. Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakastaajabu kuona kwamba tumeyaacha mambo ya sheria, utawala na sayansi ya shuleni, tukaingia gereji na kulala chini ya gari. Sisi twaona kwamba hapo ni mahali pafaapo sana kuipima lugha. Istilahi mbaya ya fasihi humchelewesha mwanafunzi mtihani wake. Istilahi mbaya ya breki yaweza kumuua mtu asiyejua hata jina la kifaa kilichomsaliti.

Neno "breki" lenyewe halina mgogoro. Limekwisha kuwa la Kiswahili kwa matamshi na kwa sarufi, na limepata hata maana ya sitiari, kwani husemwa kwamba mipango ya fulani imepigwa breki. Mgogoro umo katika maneno yanayolizunguka: vitenzi vya kuzitumia breki, majina ya sehemu zake, jina la kile kinachomiminwa ndani yake, na namna tunavyoieleza hitilafu inapotokea. Maneno hayo yametoka katika visima vitatu. Kisima cha kwanza ni gereji, ambako fundi hulipa jina jambo alilolishika kwa mkono. Cha pili ni tafsiri za neno kwa neno kutoka Kiingereza. Cha tatu ni vitabu vya sayansi vya shuleni. Kila kisima kina maji mazuri na kina tope, na kazi ya mhakiki ni kuyachuja.

Kipimo tutakachokitumia ni kimoja. Istilahi ya ufundi huhukumiwa kwa tendo inaloliamrisha. Neno likimfanya mwanagenzi atende sawa, ni zuri, hata kama ni la kukopa au halipendezi masikioni. Likimfanya akosee, ni baya, hata kama ni la Kiswahili tangu enzi za mababu.

2. Kazi yenyewe

Ili tusizungumze hewani, tutachukua mfano wa gari moja lijulikanalo sana katika Afrika ya Mashariki, yaani Land Rover ya zamani. Gari hili lilionyeshwa hadharani mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili, 1948. Toleo lake la pili lilitoka mwaka 1958, la tatu likatoka mwaka 1971, na matoleo hayo yalikoma mwaka 1985. Katika muda huo wote magurudumu yake manne yalikuwa na breki za ngoma, ingawa breki za diski zilikwisha kujulikana. Magari ya Jaguar yenye breki za diski yalishinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953, na Citroën DS ya mwaka 1955 ilizileta kwa watu wa kawaida. Land Rover ya kazi haikupata diski za mbele mpaka mwaka 1983, ilipotoka ile iitwayo One Ten.

Kwa hiyo mwenye Land Rover ya mwaka 1965, kwa mfano, anasafiri leo nyuma ya magari yanayosimama kwa umbali mfupi kuliko awezavyo yeye. Akitelemka Kitonga, au akishuka Sekenke, au akitoka Lushoto kuelekea Mombo, ngoma zake hupata moto, hutanuka na kujitenga na viatu, na kikanyagio huzama zaidi na zaidi. Akivuka mto, ngoma hubeba maji na matope. Breki zake zote nne zimeunganishwa kwa mkondo mmoja, hivyo bomba moja likipasuka, zote hupotea.

Mtu huyo ana njia kadhaa za kujiokoa. Gari lake likiwa ni lile fupi lenye inchi 88 baina ya ekseli, lina ngoma za inchi 10. Aweza kufunga ngoma za inchi 11 za gari refu la inchi 109. Aweza kuongeza kifaa cha kumsaidia mguu. Aweza kuugawa mkondo mmoja kuwa miwili. Aweza pia kuziondoa ngoma za mbele na kuweka diski. Kazi hizi hufanywa, na mafundi wetu wanaziweza. Swali letu ni hili: je, wanaweza kuelezana kwa maandishi ya Kiswahili namna ya kuzifanya bila ya hatari?

3. Jina la gari na jina la kazi

Tuanze na gari. Wengine huliita "kuukuu". Neno hili huipa nguo, nyumba au gari sifa ya kuchakaa, na mwenye gari aliyelitunza miaka hamsini ana haki ya kulikataa. "La zamani" hutaja umri tu. "La kale" lina heshima, kama tunavyosema mambo ya kale au mji wa kale. Hudokeza kwamba umri umekigeuza kitu kuwa cha thamani. Sisi twapendekeza "gari la kale", na "kuukuu" libaki kwa gari ambalo mwenyewe amelikatia tamaa. Mnunuzi akisoma tangazo atajua anaitwa kutazama nini.

Jina la kazi ni zito zaidi. Katika gereji zetu kazi yoyote ya breki huitwa "kutengeneza breki". Kitenzi hiki hubeba maana ya kuunda kitu kipya, kukarabati kilichoharibika, na kukiweka kitu katika hali nzuri. Mwenye gari akisema "nitengenezee breki", fundi aweza kubadilisha viatu vilivyokwisha na kuhesabu kazi imekamilika, na kwa haki. Aliyetaka diski akaondoka na ngoma zake zilezile. Twahitaji vitenzi vitatu vyenye mipaka: "kukarabati" breki ni kuzirudisha katika hali iliyokusudiwa na kiwanda, "kurekebisha" ni kusogeza viatu ili nafasi iwe sawa, "kuimarisha" ni kuzipa uwezo ambao kiwanda hakikuzipa. "Kuboresha" nalo hutumiwa, lakini limetumika mno katika hotuba hata makali yake yamekwisha.

Mipaka hiyo ina faida ya vitendo. Anayekarabati hurudi kwenye vipimo vya kiwanda. Anayeimarisha ameviacha vipimo hivyo, na lazima apime upya mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma. Asipoupima, magurudumu ya nyuma yaweza kujifunga kabla ya ya mbele na gari likageuka upande. Neno sahihi linamkumbusha kwamba yuko nje ya kitabu.

4. Kufunga na kufungua

Hapa tunafika kwenye kosa ambalo twaliona kuwa kubwa kupita mengine katika vitenzi. Dereva husema "nilifunga breki", maana yake alikanyaga gari lisimame. Fundi husema "nimefunga breki", maana yake amezipachika breki mahali pake na kukaza nati. Wote wawili wanasema Kiswahili safi. Tatizo huzuka maneno yao yanapokutana katika karatasi moja ya maelekezo.

Tuchukue sentensi ambayo yeyote angeweza kuiandika: "Fungua breki ya mkono kabla ya kurekebisha viatu." Mwandishi alikusudia breki iachiwe. Mwanagenzi aliyelelewa gereji aweza kuchukua spana na kuanza kuitoa. Tuchukue nyingine: "Ukishafunga breki, ingia chini ya gari." Aliyeelewa kwamba ni kupachika ataingia chini ya gari ambalo halikushikwa na kitu. Sentensi hizo hazina kosa la sarufi, na mkaguzi wa lugha angezipitisha bila ya kuzigusa.

Twapendekeza kwamba katika maandishi ya ufundi, "kufunga" na "kufungua" viachiwe kazi ya kupachika na kuondoa vipuri, kwa kuwa ndivyo vinavyotumika kwa injini, kwa giaboksi na kwa kila kitu kingine katika gereji. Dereva asemewe kwamba "hukanyaga" breki ya mguu na "huvuta" breki ya mkono, kisha "huiachia". Breki zenyewe "hushika". Vitenzi hivi vyote vimo vinywani mwa watu, na hakuna hata kimoja cha kubuni.

Breki ya mkono inastahili neno la ziada. Jina lake latuambia mkono uko wapi. Halituambii breki inashika wapi. Katika gari nyingi ndogo hushika magurudumu ya nyuma. Katika Land Rover ya kale hushika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi. Tofauti hiyo si ya wanachuoni. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huliruhusu gurudumu hilo kuzunguka upande wake, na breki iliyoshika shafti haiwezi tena kulizuia gari lisibiringike. Kwa hiyo mwongozo wa gari hili useme "breki ya mkono ya shafti", na uamrishe magurudumu yawekewe vigingi. Maneno mawili ya nyongeza ni bei ndogo.

5. Mafuta ya breki

Sasa tuingie katika neno lenye hatari kuliko yote. Kile kinachobeba nguvu ya mguu kutoka kwenye kikanyagio mpaka kwenye gurudumu huitwa na watu wengi "mafuta ya breki", na wengine huita "oili ya breki". Hebu tutazame neno "mafuta" lina upana gani. Kuna mafuta ya kula, mafuta ya nazi, mafuta ya kupaka, mafuta ya taa, na tukiingia kituoni tunajaza mafuta, maana yake petroli au dizeli. Msemaji wa Kiswahili akisikia "mafuta" huelewa kitu chenye utelezi, na kwamba cha namna moja chaweza kusaidia palipokosekana cha namna nyingine, kama mpishi anavyotumia ya alizeti yalipokwisha ya karanga.

Lakini kiowevu kinachotumika katika breki nyingi, pamoja na za Land Rover, hakitokani na mafuta ya petroli. Kimetengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli, na raba za silinda zimechaguliwa ili zipatane nacho. Ukitia oili ya injini, hata kidogo, raba hizo huvimba, hulegea na kuziba vijitundu vya kurudishia kiowevu. Breki huweza kukwama zikiwa zimeshika, au kuacha kushika kabisa. Dawa yake ni kubomoa mfumo mzima, kuusafisha na kubadilisha raba zote. Anayemimina oili kwa sababu chombo kimepungua na kopo lililo karibu ni la injini hakufanya kitendo cha wazimu. Ametii jina aliloambiwa.

Wako wanaosema "maji ya breki", wakifuata mfano wa maji ya betri. Hilo nalo twalikataa, tena kwa sababu kubwa, maana maji ni adui wa breki. Kiowevu cha glaikoli hufyonza unyevu wa hewa siku hadi siku, na kadiri kinavyoufyonza ndivyo kinavyochemka upesi. Kile chenye alama ya DOT 3 kinatakiwa, kikiwa kikavu, kisichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Kikiisha kupata unyevu wa kipimo, kiwango hicho hushuka hadi 140. Cha DOT 4 ni 230 na 155. Kikichemka mlimani, mabomba hujaa mvuke, na mguu hukanyaga kitu kinachobonyea. Kumwambia mwanagenzi kwamba ndani mna "maji" ni kumfundisha kinyume.

Vitabu vya shule vinatupa "kiowevu" na "kimiminika". Yote mawili yaeleweka. Sisi twachagua "kiowevu cha breki", kwa kuwa ni fupi, na kwa kuwa halina jirani jikoni wala kituo cha petroli. Neno hili hukubali pia kuongezewa sifa. Magari ya Citroën yenye haidroliki ya shinikizo kubwa, kwa mfano, hutumia tangu miaka ya 1960 kiowevu cha kijani chenye asili ya mafuta ya madini, na kwa hayo glaikoli ndiyo sumu. Aliyezoea kusema "mafuta ya breki" hana njia ya kuitaja tofauti hiyo. Aliyezoea "kiowevu" aweza kusema "kiowevu cha glaikoli" na "kiowevu cha madini".

Tunajua pingamizi litakalotolewa, nalo lina uzito: mafundi wazoefu wamesema "mafuta ya breki" maisha yao yote, na hawajatia oili. Ni kweli. Fundi mzoefu halindwi na neno. Analindwa na ujuzi wake. Istilahi huandikwa kwa ajili ya yule asiye na ujuzi bado: mwanagenzi wa mwezi wa kwanza, dereva aliyekwama njiani usiku, mwenye duka anayeombwa kopo kwa simu. Hatudai kwamba watu waache kusema "mafuta" katika mazungumzo. Tunadai kwamba neno hilo lisiandikwe katika mwongozo, katika mtihani wa ufundi wala kwenye lebo, na kwamba "kiowevu cha breki" lifuatwe daima na alama yake ya DOT.

6. Upepo

Mtu akishazoea kuwalaumu mafundi, aweza kuwalaumu hata pale walipo sawa. Wapo wasomi wasiopenda msemo "kutoa upepo", yaani kuiondoa hewa iliyoingia katika mabomba. Husema kwamba upepo ni hewa inayokwenda, na hewa iliyonaswa katika bomba haiendi popote. Hoja yao ni sahihi katika jiografia. Katika gereji, hata hivyo, hatuoni namna ambavyo msemo huo ungempotosha mtu. Akiambiwa "toa upepo" atafungua nati ya kutolea, atakaza, atamwambia mwenziwe akanyage tena, mpaka mapovu yaishe. Tendo ni sahihi, neno libaki.

Tatizo liko mahali pengine. Malori na mabasi makubwa hutumia breki ambazo nguvu yake ni hewa iliyoshindiliwa, na Waswahili huziita "breki za upepo". Kwa dereva wa lori, upepo ni uhai. Kipimo kikionyesha umepungua, husimama. Dereva huyo akihamia Land Rover akaambiwa "breki zina upepo", aweza kufarijika pale anapopaswa kushtuka. Hewa hubonyea, kiowevu hakibonyei, na mguu unaokanyaga hewa unakanyaga hasara. Tunapendekeza basi kwamba "breki za upepo" libaki kwa malori, "kutoa upepo" libaki kwa kazi ya fundi, na hitilafu yenyewe iitwe "kuingiwa na hewa". Breki zilizoingiwa na hewa haziwezi kumfariji mtu yeyote.

7. Ngoma, diski, kiatu na bitana

"Ngoma" ni tafsiri ya moja kwa moja kutoka Kiingereza, lakini ni tafsiri iliyobahatika. Kitu chenyewe ni cha duara, kina uwazi ndani, na ukikigonga kinalia. Mshindani wake, "dramu", limeshatumika kwa pipa la mafuta. Ngoma lishinde. "Diski" ni la mkopo, na wengine wangependa "sahani". Sisi twaona kwamba diski halimpotoshi mtu, hali sahani yaweza kuhitajika kwenye klachi. Neno la mkopo lisilo na madhara lisifukuzwe kwa sababu ya asili yake tu.

Kifaa kinachoibana diski kwa pande mbili huitwa na mafundi "kalipa". Katika maandishi umbo hilo lasomeka kama kitenzi, yaani mtu kalipa deni. Mhunzi ana kitu kinachobana kwa pande mbili tangu zamani, nacho ni koleo. "Koleo la breki" lasema kifaa kinafanya nini, nasi twalipendekeza. Kile kipande kinachobanwa na koleo juu ya diski hukiita "pedi", neno ambalo limekwisha kushika kazi nyingine katika maduka ya dawa. "Kibamba cha breki" lingefaa, kwani kitu chenyewe ni bamba dogo la chuma lililogandishwa kitu cha kusugulia.

"Kiatu cha breki" nalo ni tafsiri, na halina ubaya. Liruhusiwe pia kupata sifa. Kiatu ambacho ngoma inayozunguka hukivuta kuelekea kwake hushika kwa nguvu. Kinachosukumwa nje hushika kidogo. Cha kwanza twakiita "kitangulizi", cha pili "kifuasi". Breki za mbele za ile Land Rover ndefu zina vitangulizi viwili, na hiyo ndiyo sababu ya watu kuzitamani. Lakini jina hilo ni kweli gari likienda mbele tu. Likirudi nyuma, vitangulizi vyote viwili hugeuka vifuasi, na mwenye gari anayeteleza kinyumenyume mlimani atajuta kama hakuelezwa.

Neno tunalolikataa katika kundi hili ni "bitana". Mfasiri aliona kwamba Kiingereza hutumia neno lilelile kwa kitambaa cha ndani ya koti na kwa ile ngozi ngumu iliyogandishwa juu ya kiatu. Akachukua neno la fundi cherehani na kumpa fundi gari. Alilitafsiri neno, hakukitazama kitu. Bitana ya koti hufichwa, huwa laini, na koti laweza kuvaliwa bila yake. Kitu cha breki ndicho kinachofanya kazi yote, na kikiisha, chuma husaga chuma. Fundi anayetamka "laini" kwa kufupisha neno la Kiingereza naye hatusaidii, maana "breki ni laini" husemwa pia pale kikanyagio kinapobonyea. Sayansi yetu imekwisha kulikubali neno "msuguano". Kutoka mzizi huohuo twapata "kisuguo": kiatu hubeba kisuguo, kibamba hubeba kisuguo. Aliyesikia jina hili hahitaji kuelezwa kwa nini hakipaswi kupakwa grisi.

Tuongeze kwamba visuguo vingi vya kale vilichanganywa na asbesto, ambayo vumbi lake huleta maradhi ya mapafu. Maelekezo yanayosema "puliza vumbi" yafutwe, yaandikwe "futa vumbi kwa kitambaa kilicholowa".

8. Mikondo, kisaidizi na silinda kuu

Marekani ilianza mwaka 1968 kudai kwamba magari mapya ya abiria yawe na breki zilizogawanywa, ili sehemu moja ikivuja nyingine ibaki. Kwa Kiswahili wengine husema "breki za njia mbili". Sisi twapenda "mikondo miwili", kwa kuwa mkondo ni wa kitu kinachopita kwa kumiminika, na njia ni neno lenye shughuli nyingi barabarani.

Kifaa kinachomsaidia mguu huitwa "busta", na kukifunga huitwa "kuongeza breki". Msemo huu wa pili ni wa uongo. Kifaa hicho hutumia mvuto unaotokana na injini ya petroli ili mguu usihitaji nguvu nyingi. Hakiifanyi ngoma ipoe upesi wala kisuguo kishike zaidi ya uwezo wake. Mwenye gari aliyeuziwa "breki zaidi" atatelemka mlima kwa kasi asiyostahili. "Kisaidizi cha breki" ni jina la kweli, kwani msaidizi aweza kuondoka: injini ikizimika, msaada hukoma baada ya kukanyaga mara chache. Dizeli kwa kawaida haitoi mvuto wa kutosha, hivyo huhitaji pampu yake.

"Masta silinda" twaiita "silinda kuu". Jina lenyewe si kazi. Kazi ni kuligawa. Silinda kuu nyingi za ngoma zina vali inayobakiza shinikizo dogo katika mabomba. Vali hiyo ikiachwa kwenye mkondo wa diski, vibamba havitaachia vizuri, na diski zitapata moto. Mtu akienda dukani kuomba "masta silinda ya Land Rover" atapewa iliyopo. Ataje basi "silinda kuu ya ngoma" au "silinda kuu ya diski".

9. "Breki zilifeli"

Baada ya ajali magazeti huandika kwamba breki zilifeli, au zilikatika, au ziligoma. Maneno hayo matatu yana kosa moja: hayasemi lolote. Breki "huvuja", kiowevu kikapotea. Breki "huchemka", kiowevu kikageuka mvuke. Breki "hufifia", kisuguo kikapata moto hata kikapoteza mshiko ingawa kikanyagio ni kigumu. Breki "hukwama", zikashika bila ya kuambiwa. Breki "huvuta upande", gari likaacha barabara. Kila moja ina sababu yake na kinga yake. Inayovuja yataka mikondo miwili na bomba jipya. Inayochemka yataka kiowevu kibichi. Inayofifia yataka dereva ashuke mlima kwa gia namba mbili, au mwenye gari afunge diski.

Taifa linaloandika "zilifeli" juu ya kila ajali halijifunzi kutokana na hata moja. Neno hilo huwafaa wote: dereva, kwa kuwa breki ndizo zilizokosa, mwenye gari, kwa kuwa ni bahati mbaya, fundi, kwa kuwa hakuna aliyetaja kazi yake. Aliyekufa peke yake halimfai. Hapa istilahi inakuwa jambo la uwajibikaji, na twaona kwamba wakaguzi wa magari na waandishi wa habari wanahitaji orodha hii fupi kuliko hata wanagenzi.

10. Mapendekezo na hitimisho

Kwa muhtasari, twapendekeza yafuatayo yajadiliwe:

Gari la kale: gari la zamani lililotunzwa kwa thamani yake.
Kuimarisha breki: kuzipa uwezo kupita ule wa kiwandani.
Kufunga, kufungua: kupachika na kuondoa vipuri tu.
Kukanyaga, kuvuta, kuachia: matendo ya dereva.
Breki ya mkono ya shafti: ile isiyoshika magurudumu moja kwa moja.
Kiowevu cha breki: badala ya mafuta, oili au maji ya breki.
Kuingiwa na hewa: hitilafu, kutoa upepo: kazi ya kuiondoa.
Ngoma, diski, kiatu, koleo, kibamba, kisuguo: sehemu za breki.
Kiatu kitangulizi, kiatu kifuasi: kwa mwendo wa mbele.
Mkondo, kisaidizi, silinda kuu: sehemu za mfumo.
Kuvuja, kuchemka, kufifia, kukwama, kuvuta upande: hitilafu.

Wasomaji wataona kwamba mengi ya maneno haya hatukuyabuni. Tumeyakuta gerejini, shuleni au kwa mhunzi, tukayapa mipaka. Matatu au manne ni mapya, na hayo tunayatoa kwa unyenyekevu, tukiwaomba mafundi wenyewe wayajaribu kazini kabla halijafikiriwa suala la kuyasanifisha. Likimkwaza fundi, litupwe. Lakini "mafuta ya breki" na "funga breki" tusiyaache yakisubiri mjadala mrefu. Hayo mawili yaondolewe sasa katika kila mwongozo, kila mtihani na kila lebo inayoandikwa kwa Kiswahili, kwa maana madhara yake hayangoji kikao.